Hamdani Aipa Bima Talaka

Wanaume wengi wamewahi kumwacha mke. Lakini Hamdani wa Kasingirima, wallahi, ndiye mwanamume wa kwanza Ujiji nzima kuwaacha kwa karatasi moja mke, daktari, duka la dawa na kitanda cha hospitali. Tena kabla chai haijapoa!

Usicheke kwanza. Ngoja umjue.

Hamdani aliuza vitenge sokoni, ila kazi yake hasa ilikuwa kujisifu. Babu wa babu yake, alisema, aliingia Ujiji na msafara kutoka pwani, ana kanzu saba na mwavuli. Kwa hiyo yeye Hamdani hakuwa Muha, hajawahi kuwa Muha, na Kiha kikisemwa karibu yake alijipepea kama aliyepitiwa na harufu. Mkewe Safina alikuwa Muha wa Mwamgongo, muuguzi wa serikali, mwanamke wa maneno machache. Hamdani alimwita "mtu wa vilimani niliyemstaarabisha." Safina alikuwa akimtazama tu, kisha anaendelea kupiga pasi sare zake.

Sasa, ndani ya mfuko wa shati la Hamdani mlikuwa na kadi ya bima ya afya. Kadi yenye picha yake! Barazani kwa wanywa kahawa aliitoa kila siku, aulizwe asiulizwe.

"Mwenzenu nikikohoa tu, hospitali nzima inasimama!"

Aliishika kadi hiyo kwa namna yake. Dole gumba lilikaa pale chini na halikubanduka hata iweje, kwa sababu chini ya dole gumba paliandikwa jina la mchangiaji, na mchangiaji alikuwa Safina. Hamdani alikuwa mtegemezi, kama mtoto wa darasa la pili. Hata mama yake mzazi, Bi Zuhra mwenye presha, alitibiwa kwa bima hiyohiyo ya mkwewe.

Mwaka ule wa 2015 meli zilikuwa zikishusha Warundi bandarini Kigoma, wamekimbia kwao na magodoro kichwani, wengine na watoto tu. Wengi walihifadhiwa uwanja wa mpira wakisubiri mabasi ya kambini, na Safina akapangiwa kazi kwenye hema la matibabu pale uwanjani. Alitoka alfajiri, akarudi jioni miguu imevimba. Migebuka ya Hamdani, wale samaki wa ziwani, ikawa inamsubiri mpishi.

"Hamdani," Dadi muuza kahawa akamchokoza, "siku hizi mchana unakula wapi? Au nikuombee uji wa wakimbizi?"

Baraza likaangua kicheko. Lo! Hamdani kuchekwa? Akasimama, kikombe mkononi.

"Kesho asubuhi huyo mwanamke namwacha! Mashahidi ni nyinyi!"

Na kweli, asubuhi akaandika: *Mimi Hamdani bin Musa nimemwacha mke wangu Safina talaka moja, kwa sababu ya kukosa chakula cha mchana.* Akatia sahihi yenye mikia mitatu, kama ya gavana wa benki kwenye noti. Akamkabidhi.

Safina akaisoma mbele, akaigeuza akatazama na nyuma, ambapo hapakuwa na kitu. Akaikunja, akaitia mkobani.

"Ahsante, Baba Abdul. Chai iko kwenye chupa."

Akaenda kazini.

Hamdani alikuwa amejiandaa kwa kilio. Alikuwa amejiandaa hata kwa kuangukiwa miguuni. Kwa chai iliyoko kwenye chupa hakujiandaa! Akainuka kwa hasira aibebe hiyo chupa akaimwage nje, na hapohapo ngiri ikambana.

Ehee, sikukwambia habari ya ngiri. Alikuwa nayo kinenani kwa muda mrefu, na daktari alikuwa amempangia upasuaji baada ya wiki mbili. Alimwambia wazi: "Mzee, hii ikikaza isirudi, tutakuzika." Upasuaji huo ulikuwa wa bima.

Bi Zuhra akatoka chumbani na bakora yake.

"Hamdani mwanangu, nasikia umeacha mke. Sasa dawa zangu za presha nazichukulia wapi?"

"Hospitali, mama. Kama siku zote."

"Kwa kadi ya nani?"

Hamdani akaitoa kadi mfukoni. Kwa mara ya kwanza tangu ipatikane, dole gumba likasogea.

"Ulipokuwa unaandika hiyo talaka," Bi Zuhra akauliza, "ulinihesabu na mimi? Maana naona nimeachika uzeeni, tena sina kosa!"

Siku hiyohiyo bibi akahamishia vitu vya Safina chumbani kwake mwenyewe, na ufunguo akaufunga kwenye ncha ya kanga.

Jioni Hamdani alimngoja Safina mlangoni, amejaa elimu.

"Mama Abdul, talaka ni moja tu. Uko kwenye eda. Miezi mitatu hii sheria inakuhesabu mke wangu, kwa hiyo na mimi nimo kwenye bima. Nipasuliwe kwanza, halafu tuendelee kuachana kwa utulivu."

Safina akavua viatu taratibu.

"Eda nakaa mimi. Mshahara nakatwa mimi. Wewe kazi yako ni kupasuliwa tu?"

"Si ndiyo utaratibu?"

"Utaratibu ni kwamba familia ikibadilika, ofisi ya bima iambiwe. Siwezi kuwadanganya kwa ajili ya ngiri yako. Fomu ninayo, Ijumaa naipeleka. Ukitaka kunirejea, nirejee. Ila uliniacha mbele ya watu, utanirejea mbele ya watu. Si hapa ukumbini kwa kunong'ona." Kisha sauti ikamtetemeka. "Miaka ishirini na miwili, Baba Abdul. Umenifuta kwa ajili ya migebuka!"

Hamdani aliona aibu. Aliiona kweli, ila aibu ya Hamdani haikai muda mrefu.

"Mimi? Mjukuu wa msafara? Niende barazani nikayameze maneno yangu?"

"Yatafune kwanza," Bi Zuhra akasema kutoka chumbani, "yasije yakakukwama."

Hamdani akawaza usiku na mchana. Kufikia Jumatano akapata wazo, na wazo la Hamdani ni la kuogopwa. Kule uwanjani si wanatibu bure? Si hawaulizi kadi? Akasikia kwamba Alhamisi Safina atakuwa zamu ya bandarini. Akavaa suruali kuukuu na ndala za rangi mbili, akajitwika furushi la vitenge vyake mwenyewe, akashika njia. Lugha? Alijifunza neno moja tu, *ego*, yaani ndiyo. Aliliona linamtosha mtu mwenye akili.

Foleni ilikuwa ndefu. Mbele alikaa kijana mmoja jina lake Feliksi, mkalimani na mwandikishaji, mwenye kipaza sauti cha mkononi. Akamuuliza Hamdani kwa Kirundi:

"Umefika na meli ya jana?"

"Ego."

"Uko peke yako?"

"Ego!"

"Au una familia?"

"Ego, ego!"

"Watu wangapi?"

"Ego."

Feliksi akamtazama. Akaona labda mzee wa watu amechanganyikiwa na safari, akamhurumia. Akampa blanketi, ndoo na dumu la maji, akamwonyesha upande wa kulia.

"Basi lenu linaondoka sasa hivi. Uko tayari kwenda kambini?"

"Ego!" Hamdani akajibu kwa furaha, akidhani anapelekwa kwa daktari.

Akaliinua dumu. Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, akaliona basi. Ya tatu, ngiri ikakaza! Dumu likaenda huku, ndoo kule, vitenge vikatandazika uwanjani kama maonyesho ya biashara, na Hamdani akalia kwa Kiswahili kitupu cha Ujiji:

"Yarabi! Mama Zuhra wee, nakufa! Mwanao nakufa huku!"

Wakambeba hadi hema la matibabu, wakamlaza. Pazia likafunguliwa. Zamu zilikuwa zimebadilishwa.

"Mwakeye," Safina akamsalimu kwa Kiha.

"Ego," Hamdani akajibu, kwa mazoea.

Safina hakucheka. Alimkunja magoti, akamwambia apumue, akaibonyeza ile ngiri polepole mpaka ikarudi mahali pake. Hamdani alikuwa ameogopa haswa. Kila alipofumba macho aliliona kaburi, na alipoyafumbua aliiona mikono ya Safina, wala haikuwa na haraka wala chuki. Machozi yakamtoka, akayaacha.

"Imerudi," Safina akasema. "Ikikaza tena huna bahati ya pili. Leo Alhamisi, Baba Abdul."

Mlangoni watu walikuwa wamejaa. Dadi muuza kahawa naye alikuwepo, ameleta sufuria la uji kusaidia wageni, na alikuwa amekwisha kumsimulia Feliksi kisa chote. Mama mmoja mzee wa Kirundi, mtoto mgongoni, akamuuliza Feliksi:

"Huyu naye amekimbia kutoka wapi?"

"Kasingirima."

"Ni mbali?"

"Hapo tu, mama. Kwa pikipiki hata hujakaa vizuri, umefika."

"Kuna nini huko? Vita?"

"Mkewe."

Yule mama akatikisa kichwa. "Wangu alibaki kule ng'ambo, hata sijui kama yu hai. Huyu anaye mkononi, anamtupa?"

Feliksi akamtafsiria Hamdani maneno hayo. Hamdani akainuka akakaa. Msafara wote wa babu yake, na kanzu zake saba, ukageuza njia ukarudi pwani.

"Nimemrejea," akanong'ona.

Sasa Feliksi kazi yake ni kutafsiri, akatafsiri. Kwa kipaza sauti! Uwanja mzima ukapata habari, hadi watu waliokwisha kupanda basi. Vigelegele vikapanda.

"Na chakula cha mchana?" Safina akauliza.

"Nitapika mwenyewe."

Feliksi akatafsiri na hilo. Wanawake wakarudia vigelegele mara mbili, wanaume kwenye foleni wakamtazama Hamdani kwa huruma. Dadi akamletea kikombe cha uji wa wakimbizi, na Hamdani akaunywa wote.

Fomu haikwenda. Siku ya upasuaji ilipofika Hamdani akaiweka kadi mezani, mikono akaificha nyuma, jina la mchangiaji likasomwa na kila aliyetaka. Akapasuliwa salama, na Bi Zuhra akapata dawa zake. Siku ya kutoka, mama mtu akamwinamia sikioni.

"Zimebaki mbili, mwanangu. Ukitaka kutumia nyingine, uniulize mimi kwanza."

Safina akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaandika upande mtupu: *Asinyanyue kitu kizito wiki sita. Asipande pikipiki. Asibishane.*

"Utakwenda nayo zahanati kila siku ukibadilishiwa bandeji."

Hamdani akaigeuza. Sahihi yenye mikia mitatu ikamtazama.

"Mama Abdul, hakuna karatasi nyingine?"

"Hii ina nini? Nzuri, tena nyuma ina nafasi."

Basi kesho yake zahanati muuguzi kijana akaipokea, akasoma, akaigeuza. Upesi Hamdani akanyoosha mkono, akakandamiza dole gumba juu ya jina lake mwenyewe.

"Toa kidole, mzee." Binti akasoma, akasoma tena, akamwita mwenzake naye asome. Kisha akauliza, amejibana asicheke: "Mzee Hamdani, sasa sisi tufuate upande upi?"

"Wa nyuma, mwanangu," Hamdani akasema taratibu. "Huo wa mbele umeandikwa na mtegemezi tu."