Kona ya Kushoto

Jumapili, 2 Machi

Naanza shajara. Mtu anayekaribia kuingia kwenye historia aache kumbukumbu.

Leo mwanafunzi wangu mmoja alinipa tiketi ya mbio za magari. Uwanja wa ndege wa zamani, umewekwa matairi pembeni na kona kumi. Washindani si watu wa kulipwa. Kuna muuza rangi, kuna mpiga picha za pasipoti, kuna mhasibu. Wanakuja na magari yao ya kawaida, wanavaa helmeti, wanazunguka mara nane, wanarudi nyumbani kula.

Aliyeshinda ni mwanamke. Alipovua helmeti, nikamtambua. Yule mkunga! Miaka tisa iliyopita nilikuwa mwalimu wake wa udereva, na mara tatu nilimkatalia kwenda kufanya mtihani wa leseni. Niliandika kwa mkono wangu: mwoga, mwendo wa kobe.

Akanijia mbio, akaniamkia shikamoo kwa heshima zote, akawatangazia wenzake kuwa huyu ndiye mwalimu aliyemfundisha. Wote wakanipigia makofi.

Sijawahi kudhalilishwa namna hiyo.

Miaka ishirini na miwili nafundisha udereva. Nusu ya mji huu imejua klachi kupitia kwangu. Nimeamua. Nitashindana.

Jumatano, 5 Machi

Nimechukua fomu ya klabu. Masharti: leseni, helmeti, gari lililokaguliwa, na cheti cha tabibu kuhusu moyo na macho.

Moyo hauna neno.

Macho. Hapa niandike ukweli, maana hakuna atakayesoma. Jicho la kushoto lina ukungu tangu mwaka jana. Ni kama kuchungulia kupitia glasi ya maziwa isiyooshwa vizuri. Kazini hakuna aliyegundua. Mwanafunzi ndiye anayetazama barabara, mimi nina breki yangu chini ya mguu. Mke wangu sijamwambia. Mwalimu wa udereva asiyeona atafanya kazi gani nyingine? Miezi minane nalala na swali hilo, naamka nalo.

Basi nikaenda zahanati nikijidai kukohoa. Tabibu alipotoka kufuata dawa, nikanakili ubao wa herufi za kupimia macho. Mistari yote. Karatasi nikaitia ndani ya soksi.

Dawa ya kikohozi ni chungu kuliko shubiri. Nimeinywa mbele yake, nikashukuru.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbili nakariri. Nikioga, nikila, nikifunga viatu. Mke wangu akauliza ninaongea lugha gani. Nikamwambia ni namba za magari ya shule.

Leo kipimo. Tabibu aliniziba jicho la kulia, nami nikaanza kusoma kabla hajainua kijiti chake. Nikateremka mstari kwa mstari bila kuvuta pumzi. Tatizo: nilishindwa kusimama. Nikapitiliza hadi maandishi ya chini kabisa, yale ya mwaka ubao ulipochapwa. Tabibu akausogelea ubao, akainama, akavua miwani akaifuta, akainama tena. Akasema hajapata kuona macho kama haya kwa mtu wa miaka hamsini na mmoja. Foleni nje ilikuwa ndefu. Akagonga muhuri.

Nilipotoka nikajigonga kwenye fremu ya mlango. Upande wa kushoto.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi ameniambia gari langu ni zito kama kabati. Tumeng'oa zulia, tairi la akiba, na kiti cha nyuma. Kiti hakikuwa na mahali. Nikakiweka sebuleni.

Mke wangu alirudi sokoni, akakitazama. Hakugomba. Alikaa juu yake, akajifunga mkanda, akaniuliza tunakwenda wapi.

Ni mpole, lakini upole wake una makali ya wembe. Nikamweleza kila kitu. Karibu kila kitu. Akaniuliza swali moja tu: je, niko mzima? Nikajibu mzima kama chuma. Akakisogeza kikombe changu cha chai kutoka kushoto kwenda kulia, akaenda kubandika maharage.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya mazoezi. Kumbe mgeni lazima aendeshe akiwa na dereva mzoefu pembeni. Nikaomba muuza rangi. Wakanipa mkunga.

Akaketi mahali nilipoketi mimi miaka ishirini na miwili! Na daftari mkononi!

Akasema kwa adabu kwamba si lazima niwashe taa ya kukata kona kila ninapofika kwenye kona. Akasema pia niache kutazama kioo kila baada ya sekunde tano, na kwamba mguu wangu wa kushoto unakanyaga breki isiyokuwepo. Nikamjibu kuwa mazoea ni ngozi. Akacheka. Mimi sikucheka.

Tukazunguka mara sita. Aliponiambia niegeshe, alifunga daftari. Kisha akasema kona za kulia nazikata vizuri sana, ila zile za kushoto naingia nimechelewa, kama mtu anayesikia habari baada ya wenzake.

“Mwalimu,” akasema, “hilo jicho umelipima?”

Nikamwonyesha cheti. Nikamwambia asubiri mpaka awe na mvi ndipo anifundishe barabara. Akasema samahani, akatia sahihi. Mkono wake ulikuwa mzito.

Wivu. Ni wivu tu.

Jumapili, 16 Machi

Naandika leo kwa sababu nikingoja kesho nitaanza kujitetea.

Tulikuwa magari kumi na mawili. Nilianza wa mwisho. Mzunguko wa kwanza, wa mwisho. Wa pili, wa mwisho. Mzunguko wa tatu, kwenye kona ya saba, ya kushoto, magari matatu mbele yangu yakapunguza mwendo ghafla. Nikasema moyoni, wameogopa kona! Nikakanyaga mafuta. Nikawapita. Watatu! Kwa mpigo mmoja! Nilipiga kelele ndani ya helmeti, nikaliita jina la mama yangu.

Mzunguko uliofuata kila kona ilikuwa na bendera nyekundu. Mbio zimesimamishwa. Nikaegesha nikitabasamu, nikitafuta watu wa kunipongeza. Hakuna aliyenitazama.

Mkunga alikuwa ameteleza kwenye ile kona, gari lake limesimama kimshazari kwenye ukingo wa kushoto wa njia. Msimamizi wa kona, mzee mmoja mstaafu wa posta, alikuwa amesimama upande wa kushoto akipunga bendera ya njano kwa mikono miwili. Bendera ya njano maana yake punguza, usimpite mtu. Wenzangu walipunguza. Mimi nikapita baina yao na yeye. Aliruka juu ya matairi ili nisimkanyage. Amevunjika mkono.

Walimleta akitembea, mkono umefungwa kwa shali ya mkunga. Akasimama mbele yangu.

“Nilikuwa nakupungia wewe, bwana,” akasema. “Hukuniona?”

Sikumwona. Sikuona bendera, sikuona mtu.

Niliondoka uwanjani kwa miguu. Gari nililiacha pale pale.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwambia mke wangu. Nilikaa kwenye kile kiti cha sebuleni. Nikamwambia habari za ukungu, za ubao wa herufi, za mzee wa posta.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema alikuwa anajua.

Tangu lini? Tangu siku niliyomwaga chai mara mbili kwenye meza moja. Ndiyo maana anavisogeza vikombe. Ndiyo maana tukienda msibani au sokoni anatembea kushoto kwangu, upande wa magari. Miezi minane! Nami nilidhani anapenda kivuli.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alikuwa ananingoja niseme mwenyewe, na kwamba hapo na yeye alikosea, maana mzee wa watu angekufa. Akaanza kulia. Katika miaka ishirini na sita nimemwona akilia mara mbili. Hii ndiyo mara ambayo sababu ni mimi.

Mchana tulikwenda pamoja kumwona mzee. Nilipiga magoti sakafuni. Akaniambia niamke, sakafu ina maji.

Alhamisi, 20 Machi

Nimesimama mbele ya kamati ya klabu. Nimekiri yote. Adhabu: sitagusa usukani pale mpaka nilete barua ya daktari wa macho. Mwenye shule yangu nilimwambia pia, kabla hajasikia kwa wengine. Hakunifukuza. Amenipa darasa la alama za barabarani. Alama zenyewe ni kubwa, zimechorwa ukutani.

Mkunga alinisindikiza nje. Nilitaka kumwomba radhi kwa yale ya miaka tisa iliyopita. Nikaishia kumwambia hakuwa mwoga. Akasema alikuwa mwoga sana, na woga ndio uliomfanya awe mwangalifu. Ameniombea nafasi kwa daktari wa macho anayemfahamu.

Daktari amenipima jioni hii hii: ni mtoto wa jicho. Hutolewa kwa dakika ishirini! Kwa ajili ya dakika ishirini nimevunja mkono wa mtu.

Jumatano, 26 Machi

Nimefanyiwa upasuaji. Sikuhisi kitu, ila nilisikia daktari akiulizia mkasi. Nimefungwa bendeji, na daktari amenikataza kuandika. Mke wangu anaandika haya, mimi nasema. Anasema ninasema mengi mno kwa mgonjwa.

Jumapili, 30 Machi

Bendeji imetolewa tangu juzi. Naandika mwenyewe.

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa jicho la kushoto ni uso wa mke wangu. Ana mvi chache juu ya sikio. Sikuwa na habari nazo. Nilimtazama mpaka akaona aibu, akaniambia nimtazame daktari.

Leo mkunga na mzee wa posta wamekuja kunijulia hali. Mzee bado ana plasta, ila anacheka. Mkunga akasema kuna mbio za muda wa saa tatu mfululizo, madereva wawili kwa gari moja, wakipokezana. Akasema mwakani, nikipona kabisa, angependa niwe mwenzake. Nilitokwa na machozi. Mzee akasema ni dawa za macho.

Walipoondoka nikaitazama ratiba ya klabu. Mwakani ni mbali. Mbio hizo zipo mwaka huu pia. Tarehe 27 Aprili!

Barua ya daktari ninayo. Ina kurasa mbili zilizobanwa kwa pini. Wa kwanza unasema jicho limepona vizuri na ninaona. Wa pili unasema nisiendeshe gari lolote kwa wiki sita. Nimehesabu kwa vidole, mpaka siku ya mbio zitapungua wiki moja na siku kadhaa. Na wiki sita, kwa kufikiri kwangu, wamewawekea watu wasio na uzoefu.

Kamati iliomba barua. Haikutaja kurasa.

Nimeitoa pini kwa uangalifu mkubwa, karatasi isichanike, nikitumia macho yote mawili.