Ndege Isipotikisika, Nani Ataomba Radhi?

Kwa mpwa wangu Himid, fundi wa mbawa za ndege, huko Ulaya.

Assalamu alaikum. Mie mjomba wako Jaribu wa Vitongoji ni mzima. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, maana kuandika nakujua vizuri, ila herufi ndizo zinazonikimbia.

Mama yako Mwanamize kanieleza kazi yako. Ati mbawa za ndege siku hizi si bati, ni nyuzi na gundi, nawe watia ndani ya gundi unga wa vijirija, yaani mirija midogo myembamba kuliko unywele. Ubawa ukitikisika, vijirija vinasuguana na gundi, mtikisiko unafia humo humo. Nilielewa kabla hajamaliza. Kwa heshima zote nakuomba uache.

1. Unga usioonekana, utajuaje kama umekolea? Mie mchuzi nauonja. Weye ubawa utauramba?

2. Kuno kisiwani tangu vije vyama vingi hatusalimiani. Wa chama kile hanunui duka la chama hiki, hata misikiti tumegawana. Mahali tulipobaki Waislamu wa pamoja ni ndani ya kindege cha Unguja. Kikitikisika tu, shahada yatoka midomoni mote. Mwaka juzi Hamad muuza duka, aliyeninyima mafuta ya taa kwa ajili ya bendera ya chama changu, alinishika mkono juu ya bahari akasema, "Mzee Jaribu, nihalalishie." Nikamhalalishia. Akaniuzia mafuta mpaka uchaguzi uliofuata. Wakubwa wamekuja na kamati za suluhu na chai ya maziwa, hawajapata nusu ya alichopata ubawa ule.

3. Msoma dua humo ndani ni mie, kwa sauti, na rubani anajua. Ndege ikitulia nitakuwa abiria tu, kama mzigo.

4. Na hili ndilo hasa. Mjomba wako Mjaka, tumbo moja na mie, hakuja kumzika mke wangu. Watu wa chama chake hawakuja, naye hakuja. Namngoja aniombe radhi mpaka leo. Sasa sote twenda Unguja kutazamwa macho, na nimemwomba mkata tiketi atukalishe pamoja. Ukiutuliza ubawa, mdomo wa Mjaka utafunguliwa na nani?

Kama lazima utulize kitu, unga huo kautie kwenye viti vya wakubwa. Navyo hutikisika kila uchaguzi, ila tunaoanguka ni sisi.

Wasalimie mafundi wenzako, na majirani zako hata wasiotujua. Binti yangu Moza anakusalimu, na mbuzi wake kazaa pacha.

Ni mie mjomba wako, ambaye hoja zake hazijawahi kujibiwa,
Jaribu.

Nyongeza: Barua nilichelewa kuitia posta, tukasafiri kwanza. Ndege ilitulia kama maji ya mtungini. Mjaka hakuniomba radhi. Alisinzia, kichwa kikaniangukia begani, nami dua nikaisoma kimoyomoyo nisimwamshe. Tuliposhuka akanibebea mkoba wangu. Unga huo, mwanangu, utie. Utie mwingi.