Makonge Juu ya Kioski

Jumatatu, 6 Oktoba 1986
Baraza. Mto wetu, unaoshuka kutoka milima ya Kilungu, umebaki mchanga mtupu. Ng'ombe wamemaliza kingo, malori ya wachimba mchanga yamemaliza zilizobaki, na visima tunavyochimba mchangani vimeshuka mpaka mtu anachota maji amejikunja. Naibu wa chifu alisema ukingo ufungwe, upandwe nyasi. Syokau, anayeongoza mwethya, kikundi chetu cha kazi, akasema sawa, lakini iachwe njia moja ya watu wote na mifugo yao, maana mto si wa mtu.

Nilipiga makofi kuliko wote. Njia hiyo ni lazima ipite mlangoni pa kioski changu cha chai. Isipopita, chai nitakunywa mwenyewe.

Jumanne, 7 Oktoba
Tatizo ni watu kukatiza shamba langu na kutokea kwa Mulei, muuza uji. Uji wenyewe maji matupu! Kioski changu kiko chini kabisa ya shamba, karibu na mto, na hakuna anayekiona. Dawa nimeipata. Mstari wa makonge upande wa juu wa kioski, kona ya shamba hadi kona. Wakishindwa kukatiza shamba, watazunguka chini, wapite kwangu.

Jumatano, 8 Oktoba
Nilimwambia Syokau nataka makonge ya kushika udongo. Akauliza kama nina hakika nataka yapite hapo juu. Nikasema hapo hapo. Akaita wazee wawili, akaniuliza tena mbele yao. Nikamjibu kwamba mtu mzima haulizwi mara mbili. Mwethya wakapanda huku wakiimba. Mke wangu Kalunde aliniuliza ninahama lini. Yeye na mafumbo yake.

Ijumaa, 10 Oktoba
Wanapita! Punda, mbuzi, kwaya nzima ya kanisa. Mulei amekaa na sufuria yake kama mfiwa. Nilimpungia mkono.

Jumatatu, 13 Oktoba
Siku mbaya. Naibu wa chifu alikuja kupima ukingo, akauliza shamba langu linaishia wapi. Syokau akaonyesha makonge. Wazee wakakubali kwa kichwa. Mstari wa makonge uliopandwa mbele ya wazee ni mpaka, nani Ukambani hajui hilo? Kilicho chini yake ni cha mto na watu wote. Kioski changu kiko chini yake.

Nilisema ule ulikuwa ua tu. Mzee mmoja akauliza ni nani hupanda ua nyumba yake ikabaki nje. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mulei hakucheka. Alijitolea kunibebea mabati, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ningependa anitukane.

Jumanne, 14 Oktoba
Wamebomoa. Mwethya wale wale, wimbo ule ule. Nguzo ya kwanza aling'oa Kalunde. Alisema afadhali sasa wanawe watanywesha mbuzi bila kufokewa na baba yao. Kioski hicho nilikijenga kwa mikono yangu niliporudi kutoka Mombasa bila kitu. Kilikuwa kitu pekee nilichoweza kukiita changu. Pale jiko liliposimama wamepanda nyasi. Nilitaka kulia, nikaamua kuwachukia wote.

Alhamisi, 16 Oktoba
Nimewaza vizuri. Walichofunga ni ukingo. Mchanga wa katikati ya mto hakuna aliyeutaja, wala naibu, wala Syokau na wazee wake. Na kila mwenye mtungi lazima aukanyage kufika kisimani. Wajinga.

Nguzo zimeingia bila taabu, mchanga ni laini sana. Mabati yako juu. Kalunde amekataa kushuka. Alisimama kwenye makonge akaniambia nitazame Kilungu. Nimetazama. Kumekuwa kweusi tangu asubuhi, na ngurumo nazisikia. Hiyo ni mvua ya watu wa Kilungu. Huku kwetu jua linawaka, hata tone hakuna. Leo nalala humu humu kioskini, Mulei asije akaniwahi nafasi.