Munguti na Dripu ya Heshima

Kitengela nzima hakuna mtu aliyewahi kuugua kwa fahari kama Munguti, dalali wa mashamba. Wengine wakishikwa na nimonia hujikunyata kimya. Yeye alilazwa asubuhi, na kufikia jioni habari zilikuwa zimefika hadi Kimuka: anawekewa dawa kali ya mshipani ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, hupewa mabalozi na majenerali tu!

Majigambo hayo yalikuwa na shabaha. Jumapili wenye ploti mtaani kwao walikuwa wachague mwenyekiti wa kisima, na mpinzani wake alikuwa Waruguru, muuza mbegu, mama mchapakazi asiyependa maneno mengi. Munguti alijua hamwezi kwa kazi. Angemshinda kwa huruma. Kwa bahati yake, ilikubaliwa kura ipigwe wodini, saa ya kuona wagonjwa, ili naye asikose.

Asubuhi ya Jumapili hiyo akaja Mbithe, mfamasia wa hospitali, akiwa na daktari. Siku hizi wawili hao hupita kitanda kwa kitanda wakiuliza kama mgonjwa bado anahitaji dawa aliyoandikiwa. Homa ya Munguti ilikuwa imeshuka, na alikuwa amemaliza chapati zake na za mgonjwa wa jirani. Mbithe akamwambia dripu inatoka, atamalizia na vidonge.

Munguti nusura azimie. "Vidonge? Hata mbuzi wangu hupigwa sindano."

"Mzee, sasa hizi tembe zitakuponya tu sawa," Mbithe akamwambia. "Hiyo dawa kali tukiitumia ovyo, siku ukizidiwa kabisa haitafanya kazi. Na huu mrija ukikaa hapo bure unaweza kukuletea ugonjwa mwingine."

Munguti akabembeleza aachiwe angalau mpaka wageni waondoke. Mbithe akauchomoa mrija, akampa kidonge na maji, akasimama hapo mpaka akameza.

Lakini dalali ni dalali. Mtu aliyewahi kuuzia watu watatu ploti moja hashindwi na mrija! Yule jirani wa chapati alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani, na stendi yake ya dripu ilibaki na mfuko wenye maji kidogo. Munguti akaivuta, akaificha ncha ya mrija chini ya blanketi pamoja na mkono wake, akaanza kuhema.

Wageni wakaingia. Waruguru akainama, akautazama ule mrija, machozi yakamtoka. Machozi ya kweli! Munguti akafurahi moyoni, akaongeza kukohoa.

"Watu wangu," Waruguru akasema, akijipangusa macho, "mimi nilikuja kumwachia Munguti hiki kiti. Nimechoka na mambo ya kisima, na huko njiani tulikuwa tumekubaliana. Lakini hebu mwangalieni. Tukimpatia kazi ya kuamka alfajiri kufungulia watu maji, si tutakuwa tumemuua?"

Wakaguna kwa huruma. Mzee Wahome, aliyesimamia uchaguzi, akasema wanaotaka Waruguru aubebe mzigo huo wainue mikono. Mikono ikapanda wodi nzima.

Munguti alitaka kuruka kitandani aseme amepona. Lakini Mbithe alikuwa mlangoni, anaitazama ile stendi huku akitabasamu, na blanketi likianguka kila mtu angeona mrija haujaingia popote. Akabaki kuinua mkono wake wa pili, kuomba nafasi ya kuongea.

"Mmeona roho ya huyu mtu?" Mzee Wahome akasema, akiuonyesha mkono huo. "Hata yeye amempigia Waruguru."