Kompyuta Zapandishwa Hadhi

Asubuhi Mkurugenzi alipotangaza Mageuzi Makuu ya Heshima ya Kompyuta, bibi mmoja tusiyemjua aliingia ukumbini katikati ya makofi.

"Natafuta faili langu la utumishi. Nimefagia hapa miaka thelathini na moja."

Mimi, mtunza nakala za akiba, nikamsogelea. "Shikamoo, bibi. Mafaili ya wafagiaji yamo kwenye kompyuta ya mapokezi. Njoo Ijumaa nikuchapie."

"Usiniangushe, mjukuu wangu. Bila hilo mimi si mstaafu, ni mpita njia."

"Faili lako halipotei."

Mageuzi yalikuwa mazuri sana. Kila kompyuta ingetolewa Kundi la Kawaida, ambalo hunakiliwa kila siku saa saba mchana, na kuhamishiwa Kundi la Waheshimiwa. Kundi hili lilikuwa na kaulimbiu, mlezi na wimbo. Ratiba ya kunakili tu ndiyo haikuwepo.

"Kijana, mheshimiwa hanakiliwi ovyo," Mkurugenzi alinielimisha. "Huombwa kwanza."

"Na nani, mzee?"

"Kamati."

"Ipo?"

"Ikiombwa, itakuwepo."

Nilitosheka. Nikahamisha kompyuta mia mbili na kumi na tatu, na nakala zao za zamani zikafutwa. Ya mapokezi nikaiacha, maana nilikuwa nimeahidi. Kwa kosa la kuinyima kompyuta heshima nilipewa barua ya onyo, nikahamishiwa stoo, kati ya ndoo na mafagio.

Alhamisi umeme ulikatika, ukarudi na hasira zake. Kompyuta zote zikaungua. Iliyofufuliwa kutoka akiba ni moja tu, ile ya mapokezi, nayo ikaletwa kwangu stoo pamoja na mashine ya kuchapia.

Ijumaa Mkurugenzi alikuja stoo mbio, tai begani. Wakaguzi walitaka ushahidi kwamba yeye ni mtumishi.

"Mwanangu, jina langu halijasalia popote?"

"Limesalia, mzee. Kwenye faili la bibi, kumbukumbu za usafi." Nikamsomea: "'Jumatatu, nimepangusa kiti cha Mkurugenzi. Hakijakaliwa. Jumanne, vilevile.' Inaendelea hivyo miaka tisa."

"Futa! Futa hayo, leo hii nakurudisha ofisini, kiti cha kuzunguka!"

Hodi ikapigwa. Alikuwa bibi.

Nilikitamani kile kiti, sitasema uongo. Nikabonyeza. Mashine ikatema kurasa zote, Jumatatu hadi Ijumaa, bila kuruka hata siku moja.

"Karibu ukae, bibi."

Stoo ilikuwa na kiti kimoja, kwa hiyo Mkurugenzi alibaki amesimama. Bibi akakipangusa kwanza, kwa mazoea, ndipo akaketi.