Medali za Lori la Mlimani

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejitwisha mzigo. Kwa mdomo wangu mwenyewe! Tulikuwa ukweni, chai mezani, baba mkwe kwenye kiti chake dirishani. Tangu apasuliwe goti na daktari amkataze kushika usukani, kazi yake ni kusikiliza malori yanayopita na kuwakosoa madereva. Huyu kachelewa kushusha gia. Yule ataunguza klachi. Mtu ameendesha malori maisha yake yote, sasa anaendesha pazia. Hajacheka tangu atoke hospitalini. Mama mkwe anasema hata kugombana hataki tena, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Jumapili ni siku yake ya kuzaliwa. Mwanyumba, yule daktari wa meno aliyemwoa dada wa mke wangu, akatangaza kwamba ataleta kiti cha kukanda mgongo. Kinatetemeka chenyewe! Wote wakasema aaah. Yeye akatabasamu kama bango la kliniki yake. Hapo nikasikia sauti ikisema kwamba mimi nitamrudisha mzee barabarani. Ilikuwa sauti yangu.

Sasa ningerudije nyuma? Nikaeleza: kuna gemu ya kompyuta, Lori la Mlimani. Usukani, gia, mzigo, kona, kila kitu. Mama mkwe akauliza kama itakubali kwenye kompyuta ya mzee, ile kuukuu aliyopewa na kampuni alipostaafu, inayonguruma kama mashine ya kusaga. Nikasema nimeshahakikisha. Sijahakikisha chochote.

Mzee akageuza shingo kutoka dirishani. Mara ya kwanza kutwa nzima.

"Ina gia ngapi?"

Nikamwambia zote.

Jumanne, 4 Machi

Nimeingia Baraza la Medali. Ni tovuti ambako wachezaji hupiga kura kueleza gemu inavyokwenda kwenye kompyuta zao. Dhahabu: inakwenda bila shida. Fedha: shida ndogo ndogo. Shaba: inajikongoja. Bati: usijisumbue.

Lori la Mlimani lina bati. Bati tupu!

Nikasoma maoni nikitafuta pa kushika. Mmoja anasema lori linasimama kila hatua kama bibi harusi. Mwingine anasema mashine yake ilitoa harufu ya kuungua. Mwingine katoa bati kwa sababu hakuna lori la kijani. La kijani! Yupo aliyetoa dhahabu, kisha akaeleza kwamba sauti haitoki na usukani unakata kushoto tu, ila yeye ameshazoea. Yupo mwingine wa dhahabu, kompyuta yake ukubwa wa friji, kwake hata mawe yangekimbia. Na wengine walipiga kura zamani, kabla gemu haijabadilishwa, wakaenda zao. Hawa watu hawapimi gemu. Wanapima mashine zao na roho zao. Na hakuna anayehakiki! Yeyote mwenye barua pepe ni mtaalamu.

Mtu wa kawaida angetafuta gemu nyingine. Mke wangu kasema hivyohivyo, anakunja nguo, wala hakunyanyua macho. Nikamwambia haya ni mambo ya kitaalamu. Gemu haina tatizo. Tatizo ni medali. Na medali inabadilika.

Jumatano, 5 Machi

Kazi ngumu lakini tamu. Nimefungua akaunti, zote kwa majina ya kubuni. Yangu, ya mke wangu, ya shemeji, ya mama mkwe, na ya paka wa jirani. Wote wametoa dhahabu. Kila mmoja nimempa lugha yake. Paka kaandika kwa mkato. Mama mkwe nimempa heshima zake: "Mimi ni mama mtu mzima, sina muda wa kudanganya watoto wa watu. Lori hili linateleza kama siagi." Nilipoyasoma tena nusura nimwamini.

Yote haya niliyafanya kazini, kwenye kiti cha mwalimu, gari la shule ya udereva likitembea. Mwanafunzi wangu, nesi wa wodi ya watoto, alikuwa anajifunza kurudi nyuma. Akauliza kama asimame. Nilikuwa natafuta neno zuri zaidi ya siagi. Nikamwambia endelea, mama, endelea. Akaendelea. Bango la shule sasa limelala chini. Mkuu wa shule akaja mbio akiuliza nani kamruhusu. Nesi akaninyooshea kidole bila huruma hata chembe. Na hawa ndio wanaochoma watoto sindano!

Lakini jioni, ajabu! Shaba. Halafu fedha. Halafu watu nisiowajua wakaanza kutoa dhahabu wenyewe. Nadhani waliona haya. Wenzao lori linateleza kama siagi, wao ndio waseme lao limekwama? Kabla ya chakula, medali ikawa ya dhahabu. Nimempigia shemeji, dada wa mke wangu, nikamwambia kwa utulivu kabisa aingie Baraza la Medali ajionee. Na mumewe aone pia.

Ijumaa, 7 Machi

Wameona.

Mwanyumba kaingia, kaiona dhahabu, kasoma maneno ya yule mama mtu mzima asiye na muda wa kudanganya. Shemeji anasema machozi yalimlengalenga. Kiti cha kutetemeka kafuta. Kanunua Lori la Mlimani! Pamoja na usukani wa kufunga mezani, na pedali zake! Mimi bado nilikuwa nasubiri mshahara. Atamkabidhi mzee Jumapili kwa mikono yake miwili ya daktari, na mimi nitapiga makofi.

Sikukubali. Nikabadilisha kura zote kuwa bati. Mke wangu kajuta. Shemeji kajuta. Paka kasema mashine imezima. Mama mkwe kaandika kwa unyenyekevu: "Naomba radhi, nilipitiwa. Halitelezi." Nikasubiri medali ianguke. Wapi! Waumini wapya wakatoka kulitetea lori. Mmoja akamwambia mama mkwe kwamba huenda hajui kuwasha kompyuta. Damu ikanichemka. Mama mkwe wangu! Nikamjibu kwa akaunti ya mama, kwa adabu, kwamba yeye kawasha mengi maishani na kijana achunge ulimi. Kijana akaomba radhi. Wengine wakamsifu mama. Dhahabu haikutikisika.

Nikampigia mwanyumba kumshauri arudie wazo la kiti. Mgongo wa mzee, nikasema, mgongo! Akacheka na meno yake yote, niliyasikia.

"Mwanyumba, wasiwasi wa nini? Dhahabu hiyo!"

Mke wangu anasema bado kuna muda wa kusema ukweli. Sijui huwa anayatoa wapi mawazo kama haya.

Jumapili, 9 Machi

Nimechoka, nina furaha, nina hasira. Niandike kwa mpangilio.

Nilifika na soksi. Za sufu, nzuri, lakini soksi. Mwanyumba akafunga usukani mezani, akawasha kompyuta. Ikanguruma, vikombe vikacheza kabatini. Kwenye skrini ukatokea mlima, mvua, na lori limesheheni saruji. Mzee akainuliwa kutoka dirishani, goti likanyooshwa, mguu mzima ukawekwa kwenye pedali. Akashika usukani.

Akakanyaga mafuta. Lori halikuondoka.

Akakanyaga tena. Likasogea kiasi cha kiganja. Likasimama. Picha ikaruka. Likasogea tena. Mwenda kwa miguu mmoja, wa kwenye gemu humohumo, akalipita lori akiwa na mwavuli. Nikamwangalia mwanyumba. Tabasamu lilikuwa linafungwa jino moja moja. Moyo wangu ukapiga vigelegele! Nikainama kidogo, nikasema kwa sauti ya masikitiko kwamba siku hizi watu wanaamini medali bila kuhakiki.

"Nyamazeni," mzee akasema.

Akashusha gia. Akaegemea mbele, kama anamsaidia farasi. Lori likapanda kidogo, likatafakari, likapanda kidogo. Jasho likamtoka mzee kipajini. Akaanza kusema nalo. "Haya, mama. Polepole. Usinifie hapa. Kona hii tu, mama, kona hii tu." Shemeji akataka kuzima, akidhani anateseka. Akapigwa jicho, akarudi kuketi.

Lori likafika kileleni. Mzee akaachia usukani, akacheka.

Alicheka hadi kiti kikasogea. Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, kiganja mdomoni. Mzee akasema magari yote ya kwenye kompyuta aliyowahi kuonyeshwa yanaruka kama panzi, wala hayajui yamebeba nini. Hili linajua limebeba saruji! Mlima, mvua na mzigo kamili ni hivi hivi, akasema, hivi hivi kabisa, nani kalitengeneza, lazima ni dereva. Kisha akamgeukia mama mkwe akamwambia aondoke hapo, kamzibia kioo cha pembeni. Mama mkwe akamjibu kwamba kioo hicho ni cha uongo na mlango huu ni wake. Wakagombana vizuri sana. Mama mkwe alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kitambaa huku akigombana.

Mzee akamkumbatia mwanyumba. Mwanyumba, meno yote nje tena, akasema shukrani zimwendee yule mama asiyejulikana wa kwenye tovuti. Mama mkwe akasema Mungu ambariki popote alipo. Soda ikaniingilia puani. Mke wangu akanipiga mgongoni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Baadaye tulicheza muziki. Hata mimi. Nilifurahi, kusema kweli. Naandika hapa tu.

Soksi zimesifiwa na mama mkwe. Zimemtosha yeye.

Jumanne, 11 Machi

Haiwezekani sifa zote zimwendee mwanyumba. Yeye kanunua tu. Anayejua kompyuta ni mimi. Leo mchana nimekwenda ukweni na kipande cha kuongeza kumbukumbu ya mashine, nilichokitoa kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Kujitolea huko! Mzee alikuwa amelala. Nikafungua, nikapachika, nikafunga. Skrubu moja ilibaki, lakini huwa inabaki.

Nikajaribu. Siagi! Ile siagi niliyoiandika! Picha laini, mvua inaonekana tone kwa tone, lori linapaa.

Mzee akaamka, nikamkaribisha kitini kama mfalme. Akakanyaga kama alivyozoea, kwa nguvu zote. Lori likapanda mlima kama limetumwa dawa, likaikosa kona, likaruka uzio, likashuka bondeni na saruji yake. Akajaribu tena. Bondeni. Tena. Bondeni, na mwenda kwa miguu wa mwavuli nusura aende nalo. Mzee akanigeukia taratibu. Nimewahi kuangaliwa hivyo na mwanafunzi aliyefeli mtihani, siyo na mkwe.

"Umeniulia lori langu."

Nikaeleza habari za kumbukumbu na kasi. Akauliza nani kanituma. Akasema mtu anayefundisha kuegesha hawezi kujua uzito wa mzigo. Mwanyumba akapigiwa simu, akaja moja kwa moja kutoka kliniki, bado kavaa glovu, akakitoa kile kipande kama jino bovu. Lori likarudi kuumwa. Mzee akapona papo hapo.

Na kapiga kura! Yeye mwenyewe, kwa kidole kimoja, akisomewa na mama mkwe. Dhahabu. Kaandika: "Linakwenda taratibu inavyotakiwa. Anayetaka haraka apande ndege." Watu tayari wanambishia. Anawajibu mmoja mmoja. Mama mkwe anasema hajamwona na afya hii tangu ujana.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekamatwa! Wasimamizi wa Baraza la Medali wamegundua akaunti zinazotoka simu moja. Yangu imefungwa. Ya mke wangu, imefungwa. Ya shemeji, imefungwa. Ya paka imefungwa kwa onyo kali. Wamefuta na kura zote zilizofuata zangu, Lori la Mlimani limerudi kwenye bati, na mzee kawaandikia waraka mrefu wa kupinga, safi kabisa, hata mimi sikuuelewa mwisho wake.

Ila akaunti moja imenusurika. Ya mama mkwe! Wasimamizi wanaamini huyu ni mtu halisi. Alisifu, akakosea, akakiri mbele ya watu, akatukanwa, akajibu kwa adabu. Wamempa alama ya Mpimaji Mwadilifu. Siyo hivyo tu. Wanamwomba ajiunge na kamati ya kusaka kura za uongo, na kesho asubuhi wanataka kuzungumza naye kwa video, wamwone uso.

Mke wangu anasema hapa ndipo pa kuachia. Nimwandikie mtu wa kamati, nimweleze yote, halafu niende kwa mama yake nikaombe radhi. Nimelifikiria jambo hilo kwa dhati, kikombe kizima cha chai. Ni ushauri mzuri kwa mtu mwingine. Lakini nani anazijua kura za uongo kuliko mimi? Kamati inanihitaji. Na mama mkwe ana shughuli zake, kwa nini nimsumbue?

Nimepita kwake nikaazima kilemba. Nimemwambia tuna igizo shuleni. Akanipa na hereni juu, kwa moyo mweupe.

Sasa nimekijaribu mbele ya kioo. Kinanikaa! Nageuka kulia, mama mtu mzima. Nageuka kushoto, mama mtu mzima. Ndevu nitanyoa asubuhi. Imebaki sauti tu.