Mwanafunzi Hewa

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya arobaini na moja tangu kitinda mimba wangu apande ndege. Ujumbe wake wa leo: "Sijambo baba. Kazi nzuri. Siku njema." Maneno sita! Jana yalikuwa manane. Tunateremka.

Yuko ng'ambo miezi minne, mafunzo kwa vitendo, maabara ya kupima zege. Zege nililomfundisha mimi! Na aliyempeleka ni idara yangu. Kila mwanafunzi aliye huko ana mhadhiri wa kumlea kwa mbali na humwandikia ripoti kila Ijumaa. Mimi nimepewa watano. Binti yangu hayumo. Kanuni inasema mzazi hamlei mwanawe. Kaangukia kwa jirani yangu wa ofisi, Kalamu Nyekundu, mtu asiyefuga hata paka. Yeye anapata kurasa nne kwa wiki.

Nimemwendea mkuu wa idara tubadilishane. Akasema kanuni ni kanuni. Nikamuuliza ni mjinga gani aliyeitunga. Akafungua faili, akanionyesha sahihi. Yangu. Kumbe niliitunga mwaka ule nilipotaka kumzuia Kalamu Nyekundu asimlee mpwa wake. Nimetoka bila kuaga.

Jumanne, 4 Machi

Kalamu Nyekundu alikuwa darasani. Nikaingia ofisini kwake kuazima stepla. Ripoti ya binti yangu ilikuwa juu ya meza, tena wazi. Ningefanyaje?

Ukurasa wa kwanza, joto la maji ya kulowekea vipande vya zege. Wa pili, uzito wa vipande hivyo. Wa tatu, jedwali. Wa nne, "Asante mwalimu." Basi! Kama anakula, kama analala, hakuna. Ila ule mwandiko kwenye jedwali, ile saba yake iliyoinama tangu darasa la kwanza... Kalamu Nyekundu akanikuta nafuta macho. Nikamwambia nimeguswa na usahihi wa vipimo. Akasema nikimaliza kuguswa nirudishe na stepla ya mwaka jana.

Jioni nikamsikia mke wangu jikoni anacheka na simu. Ni binti yetu! Nilipoingia tu, binti akasema: haya mama, tutaongea. Nikapewa simu. Nikamuuliza amekula, amelala, amevaa soksi. Akasema mtandao unasumbua. Mbona kwa mama yake haukusumbua saa nzima? Mke wangu akasema namhoji kama mshtakiwa. Roho imeniuma sana.

Alhamisi, 6 Machi

Akili imefunguka! Wanafunzi walio ng'ambo wana kundi lao la simu, sisi wahadhiri haturuhusiwi. Nimenunua laini mpya. Nimemwambia kiranja wa kundi kuna mwenzao kachelewa kuandikishwa, amuingize. Kamuingiza! Ndiye mimi sasa: mwaka wa tatu, mkimya, picha yake ni ua. Na hana baba, maskini. Hilo la kukosa baba nimelibuni ili apende kusikia habari za baba za wenzake.

Nikamwandikia binti yangu pembeni: "Dada, niko mbali kama wewe. Upweke unaniua. Wewe unamkumbuka baba yako?" Mambo ya kuzunguka siyawezi.

Mpole naye, mmoja wa wale watano wangu wa kweli, kaandika kwamba wiki ya pili sasa anakula mchana peke yake na anafikiria kurudi nyumbani. Nitamjibu. Kwa sasa niko kazini.

Ijumaa, 7 Machi

Amejibu! Ujumbe mrefu, umejaa skrini mara tatu! Pole sana mdogo wangu, asema. Usile peke yako. Tafuta fundi mzee kuliko wote, kaa karibu naye, muulize kazi yake inafanywaje. Watu wazima wanapenda kuulizwa. Mimi hapa ndivyo nilivyopona.

Halafu hili, nalinakili lote: "Baba yangu hupiga mluzi akinyoa ndevu. Nyumbani ulikuwa unaniudhi. Hapa asubuhi ni kimya kabisa. Nimekumbuka ule mluzi kuliko hata chakula."

Nimelia kwenye chumba cha kuchapia mitihani. Karani akadhani wino umeniingia machoni, akaniletea maji.

Ule ushauri wa fundi mzee nimemtumia Mpole, neno kwa neno, kwa jina langu. Kisha yule asiye na baba akamuuliza dada yake: sasa mbona humwambii mwenyewe? Na je, umevaa soksi?

Jumapili, 9 Machi

Kanipigia! Mimi, si mama yake! Kasema, baba, huyo mwanafunzi wako hewa aache kuniuliza habari za soksi.

Nikakana mara tatu. Mara ya nne nikakiri. Alijua tangu siku ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini basi alinijibu vile. Akasema yule mwanafunzi hewa hamjui bosi wake wa maabara, hawezi kumwandikia. Mwezi uliopita binti yangu alinitajia malengelenge ya mkononi, nami nikamwandikia bosi kurasa mbili, tena na mchoro. Barua ikasomwa kikaoni. Mpaka leo mafundi wanamwita Mtoto wa Baba. Tangu hapo akaamua awe ananiambia hajambo, yaishe.

Sauti yake ikashuka. Akasema anatamani kunieleza mambo kama anavyomweleza mama. Ila nisikilize tu. Nisifanye lolote. Nikaapa.

Basi akazungumza dakika hamsini! Mashine inavyolia zege likipasuka. Fundi mzee anayemwekea kiti. Kwamba Jumapili hulia kidogo kisha hufua nguo. Kwamba viatu vya kazi vinaingiza maji. Nikauma ulimi. Mwisho akaomba nipige mluzi. Nikapiga. Nikasikia anavuta kamasi. Akasema atanipigia kila Jumapili.

Binti yangu, jamani. Nyumba nzima inamngoja yeye.

Jumatatu, 10 Machi

Mpole kala na fundi mzee wa karakana yao. Harudi tena! Mkuu wa idara kanisifu kikaoni, mlezi bora wa mbali. Kalamu Nyekundu alikuwepo. Nimemtazama muda mrefu.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya tatu na kiapo kimesimama. Bosi sijampigia, sijamwandikia. Nimekuwa mtu mwingine, nimemwambia mke wangu. Aliguna tu.

Lakini viatu vinaingiza maji. Maji! Huko kwenye baridi!

Leo bosi wake kapata barua. Fupi, ukurasa mmoja na nusu, inahusu viatu vya maabara kwa ujumla, na kimchoro kidogo cha soli. Sikuiandika mimi. Imeandikwa na shangazi wa yule mwanafunzi hewa, mama wa makamo, mwenye huruma na vijana wote. Namba thelathini na nane, ya viatu vyake, imetajwa kama mfano tu. Mtoto hawezi kujua kamwe.

Jumapili bado siku nne. Nimenyoa ndevu mara mbili tangu asubuhi, napiga mluzi, simu iko juu ya sinki, huenda akapiga mapema.